Nukta Chini ya Mstari Uliofutwa

Mwaka jana binti yangu alinikalisha mbele ya kompyuta yake ili nistaajabu, na mimi kwa adabu ya mzazi nikajiandaa kustaajabu. Alikuwa ameandika barua. Akafuta sentensi, akaandika nyingine, kisha akabonyeza mahali, na ile iliyofutwa ikajitokeza tena ikiwa na mstari mwekundu juu yake, na pembeni pameandikwa nani kaifuta na saa ngapi. Akabonyeza mara ya pili, sentensi ikarudi kukaa mahali pake kana kwamba haijawahi kuondoka.

"Umeona, baba?"

Nikamwambia nimeona, ila mashine hiyo naifahamu tangu miaka ya sabini. Ilikuwa Mbeya. Ilivaa kanga mbili juu ya sweta, ilikunywa chai ya tangawizi birika zima kabla ya saa nne, na ukiikosea ilikubandika jina la utani mbele za watu.

Binti akacheka. Lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka pale kwenye kiti, niko masjala, mwaka wangu wa kwanza kazini, na mbele yangu amesimama mzee wa Kisukuma na fimbo yake, ananiuliza mto wake nimeupeleka wapi.

Nianze mbali kidogo. Mimi nilisoma ukubwani. Mchana nilibeba mbao kwenye mashine ya kupasulia magogo mjini Iringa, jioni nikapanda Kihesa kwenye darasa la watu wazima. Tulikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakagusa masikio. Mwalimu wetu alikuwa na jambo moja kubwa maishani, nalo ni usafi wa daftari. Ukikata neno, alama moja imekwenda. Raba ikiacha doa, mbili. Nilimwona kwa macho yangu mtu mwenye wajukuu akilia kwa sababu ya tone la wino. Nilipohitimu, daftari langu lilikuwa safi kuliko shuka la hospitali, na nilikuwa nimejifunza kupiga taipu kwa vidole viwili tu, lakini vidole hivyo viwili vikianza kazi, watu wa nyumba ya pili walianua nguo wakidhani mvua imefika kwenye mabati.

Kwa sifa hizo nikapata kazi Mbeya, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Masjala ni chumba cha majalada, na chumba kile kilikuwa na majalada mpaka dirishani. Baridi ya Juni ilikuwa kali hivi kwamba mtu akikuambia "habari za asubuhi" uliiona salamu yenyewe inatoka mdomoni na kuelea. Mkuu wa chumba alikuwa mama wa makamo, mtu wa Iringa mjini, wa ukoo uliokuja kutoka pwani zamani na biashara zake na kusahau kurudi. Ofisi nzima ilimwita Mama Masjala. Mimi aliniita Msomi wa Jioni, na jina likanikaa kama kofia.

Wiki ya kwanza alinikuta nimeinama na wembe, nakwangua wino kwenye karatasi kwa uangalifu wa daktari wa macho.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nafuta kosa, mama."

"Kosa gani?"

"Niliandika mkutano ni Machi, kumbe ni Mei."

"Sasa kesho akija mtu kuniuliza kwa nini alisafiri Machi akakuta hapa hapana mkutano, nitamjibu nini? Jibu si limeliwa na wembe?"

Akaninyang'anya ule wembe, akaukatia limau la chai yake. Siku ile ndipo aliponifundisha. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na fundi yule, alisema, hakuwahi kukata kitambaa kilichozidi. Suruali ikiwa ndefu, anakunja ndani na kushona pindo. Mtoto akirefuka, unafumua, nguo inarefuka naye. "Fundi mbaya anakata," alisema Mama Masjala. "Akishakata, hata Mungu akimrefusha mtoto, suruali hairudi."

Basi yeye majalada yake yote aliyashona. Neno likibadilika, alilipiga mstari mmoja mwembamba, ule wa kuliacha lisomeke chini yake, na pembeni akaweka herufi zake na tarehe. Ukurasa ukibadilika mzima, ule wa zamani hautupwi, unashonwa nyuma ya mpya kwa sindano na uzi. Uzi mweusi ulikuwa wa kosa la kalamu. Uzi mwekundu ulikuwa wa mabadiliko ambayo watu walikaa wakakubaliana. Ukishika jalada lake, kwa rangi za uzi tu ulijua hati hii imepita wapi. Na juu ya yote alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, alilolifungia kwenye mtoto wa meza na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Humo kila badiliko liliandikwa: lini, nani, ilikuwaje kabla, ikawaje baada, na kwa sababu gani. Alilitaja kwa heshima, Daftari la Pindo. Mimi sikuwahi kulifungua. Nilidhani ni hesabu ya nyuzi.

Katika majalada yale lilikuwamo moja la kule bondeni Usangu. Wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao, na wenyeji waliolima mpunga, walikuwa wameandikiana makubaliano ya njia ya mifugo kutoka mazizini mpaka mtoni. Hati ilikuwa ya kurasa tatu, na mto wenyewe ulikuwa na tabia ya kuhama kama mpangaji asiyetulia, kwa hiyo hati nayo ilibadilishwa kila mto ulipobadilika. Ilikuwa na mistari, maneno juu ya maneno, alama za vidole pembeni, uzi mwekundu mara mbili. Kwa mtu aliyesoma Kihesa, hati ile ilikuwa kidonda.

Mwezi wa nane Mama Masjala akachukua likizo kwenda Iringa kumwangalia binti yake aliyejifungua. Akaniachia chumba. Siku ya tatu Bwana Mkuu wa ofisi akaingia na lile jalada mkononi, amelishika kwa ncha za vidole.

"Ndugu karani, wakubwa wanapita mwezi huu kukagua. Hili nalo nikiwaonyesha watasema tunafuga kuku juu ya meza. Lisafishe."

Lisafishe! Aliyeniambia neno hilo aliniambia nile nyama. Nilivuta mashine, nikaweka karatasi mbili na kaboni katikati, nikapiga hati ile upya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kosa hata moja, mistari imenyooka, nafasi sawasawa. Kilichopigwa mstari nilikiacha, kisichopigwa nilikichukua. Palikuwa na sentensi moja iliyopigwa mstari, halafu chini yake nukta nukta za wino, safu nzima. Nikaziangalia. Ofisi yetu ilipakana na bucha, na nzi walikuwa wengi kuliko watumishi. Nikasema moyoni, hawa nzi nao hawana adabu, wanachafua mpaka hati za serikali. Nikaiacha sentensi pamoja na nukta zake, nikaendelea.

Bwana Mkuu alipoiona karatasi ile alinipa mkono. Akasaini, akagonga muhuri. Nakala ya kaboni ikapelekwa kijijini, na ile nakala yao ya zamani ikarudishwa kwetu, ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Nikawa na za zamani mbili, ya ofisi na ya kijiji. Nikakata nyuzi zake kwa mkasi, na sikuona haya.

Karatasi enzi hizo ilikuwa mali. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuwa bado hakijajengwa, miti yake ilikuwa miche inayosubiri kukua, na rimu zilitoka mbali. Karatasi iliyoandikwa upande mmoja haikutupwa. Kulikuwa na mama aliyeuza karanga nje ya lango, na kila alasiri nilimpelekea taka safi za ofisi azungushie karanga zake. Siku ile nilimpelekea kurasa sita. Akanipa karanga za bure, nikazila nikirudi nyumbani, nikijiona mtu aliyeijenga nchi.

Wiki haikuisha vizuri, mzee akaingia. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Alikuwa mrefu, mkavu, blanketi begani, vumbi la barabara limempaka mpaka kope, maana alikuja juu ya lori la mpunga.

"Hodi."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa hapa ndipo alipo mtu anayefuta mto."

Nikacheka. "Mto haufutiki, mzee wangu."

"Wangu umefutika. Nimeshuka na ng'ombe kwenda kunywesha, nakuta miiba imepangwa katikati ya njia na mwenyekiti amesimama na karatasi. Karatasi nzuri, mwanangu. Nyeupe kama maziwa. Ananiambia, mzee, serikali imeondoa njia ya chini, wewe sasa ni kule juu kwenye mawe, mwaka mzima. Kule juu kuna maji masika. Sasa hivi kuna mawe. Ng'ombe wangu wanywe mawe?"

Nikamwekea kiti, hakukaa. Akaeleza bila kupandisha sauti, na hapo ndipo iliponiuma. Ng'ombe sasa walikuwa wananyweshwa kwa ndoo kwenye kisima cha wanawake, na wanawake walikuwa wamechoka naye, na walikuwa na haki ya kuchoka. Ndama wawili walikuwa wameshaanguka. Alijipa siku kumi. Baada ya hapo itabidi ahame.

"Nimehama mara tatu tangu nitoke kwetu," alisema. "Kila mara mke wangu anaacha mji aliousiriba kwa mikono yake. Safari hii ameniambia, mzee, hama na ng'ombe wako, mimi naolewa na kisima."

Nilitoa nakala yangu kumwonyesha kwamba ofisi haikosei. Nikaisoma mwenyewe kwa sauti: njia ya mifugo itapita juu, kwenye kivuko cha mawe. Nukta. Neno kiangazi halikuwemo. Mzee akawa ananitazama mdomo.

"Palikuwa na maneno mengine hapo," alisema. "Mimi sijui kusoma, lakini yalisomwa mbele yangu, nikaweka kidole. Kivuko cha mikuyu, kule chini, wakati wa kiangazi. Ni nani aliyeandika hii?"

"Mimi."

"Mtu wa wapi wewe?"

"Iringa."

"Mhehe?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi si ungekula mbwa wako ukashiba, ukaniachia njia yangu!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko kwa utani ule wa kale kwamba Wahehe hula mbwa, mpaka Bwana Mkuu mlangoni. Mimi nami nilicheka, kwa mdomo. Mawazo yalikuwa yameshafika langoni kwa mama wa karanga.

Bwana Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema ataitisha mkutano kijijini Alhamisi ijayo, lakini akaninong'oneza, "Karatasi yenye saini yangu ipo. Ya zamani iko wapi? Bila ya zamani nitasimama pale niseme nini? Kwamba mzee anakumbuka?"

Nilitoka mbio. Kama Mbeya ingekuwa na mashindano siku ile, kombe lingekuwa langu.

"Mama, zile karatasi za Jumatatu!"

"Zile za mistari mistari? Ziliuza kweli. Watu walikuwa wanasoma huku wanatafuna."

Ilibaki moja. Nilinunua karanga zote za kapu lake ili nizifungue pakiti moja moja, nikaipata: ukurasa wa kwanza, wenye salamu na orodha ya waliohudhuria, mafuta yameupitia ukawa kama kioo. Wa pili, wenye njia, ulikuwa umekwenda mjini na midomo ya watu. Karanga zile nilizila mpaka Krismasi.

Jumatatu Mama Masjala akarudi, amebeba habari za mjukuu na chupa ya asali. Sikumwachia hata avue ushungi. Nilimwambia yote, nimesimama wima kama niko mbele ya mwalimu wa Kihesa. Alisikiliza. Akamimina chai. Akanywa nusu kikombe.

"Karanga umeleta?"

"Zipo, mama."

"Weka hapa." Akatafuna. "Na nyuzi?"

"Nilizikata."

Hapo ndipo uso ulipombadilika. Kwa kurasa hakuguna, kwa nyuzi aliweka kikombe chini. "Ulikata uzi mwekundu, Msomi wa Jioni? Watu walikaa jua zima wakakubaliana, wewe ukakata?"

Nikamsogezea karanga karibu zaidi.

"Na ile sentensi yenye nukta chini. Uliionaje?"

"Niliona mama, ila... nilidhani ni vinyesi vya nzi."

Alinitazama. Halafu kicheko kikamtoka, cha kwanza taratibu, cha pili kikamwinamisha juu ya meza, cha tatu kikakifyatua kifungo cha sweta kikaruka mpaka kwenye majalada ya mipaka, na kipo huko hadi leo. Alipopata pumzi akanieleza kile ambacho alikuwa amenieleza zamani, na mimi wakati ule nawaza chakula cha mchana. Neno ukilipiga mstari limelala. Ukitaka kulirudisha, usiliandike upya, maana litaonekana limezaliwa leo. Unaliwekea nukta chini, moja moja, mwanzo hadi mwisho. Nukta zinasema: huyu alikuwa amelala, ameamka. Mstari unabaki juu yake ili kila mtu ajue aliwahi kulala, na nukta zinabaki chini yake ili kila mtu ajue yu hai.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimesikia wasomi wa mchana wakihutubia, na sijasikia jambo la akili kuliko hilo.

Akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akatoa Daftari la Pindo.

"Hatuandiki hati mpya," alisema. "Tunafumua. Na kufumua, mwanangu, unaanza na mshono wa mwisho."

Akaweka karatasi yangu nyeupe upande mmoja, daftari upande mwingine, akaanza kurudi nyuma. Badiliko la mwisho: karani kapiga nakala safi, hakuna kikao, hakuna vidole. Analiondoa. Kabla yake: kiangazi cha mwaka juzi, sentensi iliyofutwa imerudishwa, kwa kiangazi tu, kwa kuwa kivuko cha mawe kimekauka. Kabla yake tena: masika ya mwaka ule mwingine, njia ya mikuyu imefutwa kwa kuwa imefurika, mifugo ipite juu kwenye mawe. Na mwanzo kabisa: njia ni mikuyu, mwaka mzima. Kila hatua ilikuwa na maneno yote ya zamani na yote mapya, kwa mwandiko wake mdogo uliolala upande mmoja kama mpunga kwenye upepo. Na kila hatua iliyotoka kikaoni ilikuwa na vidole vya pande zote mbili, pale pale kwenye daftari.

Nilikuwa nimeuza hati nzima kwa mfuko wa karanga, na mama huyu aliirudisha mezani kabla chai haijapoa.

Alhamisi tulishuka na Landrova, Bwana Mkuu mbele, sisi nyuma, daftari limefungwa kwenye kanga na limepakatwa kama yule mjukuu. Tulipopita Chimala tukavua masweta. Kufika kijijini jua lilikuwa linatoboa. Watu walikaa makundi mawili, wa jembe huku, wa fimbo kule, na katikati nafasi ya kupitisha trela. Mzee wangu alikuwa amekaa mbele, na nyuma yake mkewe, uso umefungwa kama duka la Jumapili.

Mwenyekiti wa kijiji, mkulima wa mpunga, mtu mfupi wa sauti kubwa, alisimama kabla hajaitwa.

"Mimi sikuiba njia ya mtu! Karatasi imekuja, ina saini, ina muhuri. Nimeweka miiba, nimepanda maharage, tayari yana majani mawili. Mnataka nifanye nini, nimbishie muhuri?"

"Lakini njia ya mikuyu uliijua," akasema mzee.

"Niliijua! Nikadhani wamebadilisha tena. Si wanabadilisha kila mto ukipiga chafya?"

Watu wakacheka, hata wa fimbo. Na kweli alikuwa na hoja. Mtu aliyezoea kuona hati inabadilika, ataijuaje ile iliyobadilika bila watu?

Mama Masjala akasimama, akafungua kanga, akasoma. Alisoma kurudi nyuma, kama alivyonionyesha, na baada ya kila hatua aliwauliza, "Ndivyo ilivyokuwa?" na kundi hili na lile wakajibu, "Ndivyo." Alipofika kwenye ile ya kiangazi akamwita mwenyekiti aje karibu.

"Ndugu mwenyekiti, hiki kidole cha nani?"

Mwenyekiti akainama. Alama ya dole gumba ilikuwa na ufa mweupe umeipasua katikati, kutoka ncha hadi chini. Akakitazama kidole cha kwenye daftari, akakitazama cha mkononi mwake, kilichokuwa na kovu la mundu mahali pale pale.

"Hiki changu," alisema. "Nilikuwa nimejikata wiki ile. Kiliniuma kweli, wino uliingia." Akakaa chini akasimama tena. "Basi miiba naitoa. Lakini maharage yangu?"

"Kwa miguu ya ng'ombe wangu hayaponi," akasema mzee, "ila samadi nitakuletea mpaka useme basi."

"Hata nikisema basi, leta."

Ikaisha hivyo. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba ile karatasi mbaya ichanwe hapo hapo, na wengine wakaitikia, na mimi nilikuwa wa kwanza kuinyoosha ichanwe, maana ilikuwa imeandikwa aibu yangu nzima kwa herufi za kupendeza. Mama Masjala akaichukua, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari.

"Kosa ukilichana leo," alisema, "kesho litakuja tena na hutalitambua."

Kisha akanipa kalamu. Nilitakiwa kuandika mwenyewe kwenye Daftari la Pindo: tarehe, nani kabadilisha, ilikuwaje kabla, na sababu. Kwenye sababu nikaandika kwa ufasaha wote wa shule ya jioni kwamba yalitokea mapungufu katika kunakili. Akasoma, akatikisa kichwa, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno hayo.

"Sababu yenyewe, mwanangu."

Nikaandika: Karani alidhani nukta ni vinyesi vya nzi. Akaisoma kwa sauti mbele ya kijiji chote. Kicheko kilichopigwa siku ile, nadhani mpaka Chunya walisimamisha uchimbaji wakasikiliza. Mke wa mzee alikuwa wa mwisho kucheka, na alipoanza ilibidi ashikwe. Nikaweka dole gumba langu chini ya maneno, kati ya lile la mwenyekiti na la mzee.

Hatukuondoka mara moja. Vijana waliburuta miiba, na mzee akapiga mbinja, na ng'ombe wakaja. Nilijaribu kuwahesabu nikachoka nikiwa bado kwenye wenye mabaka. Walipita pale palipokuwa na ukuta wa miiba, na mahali pale palikuwa pamebaki mfuo ardhini, mrefu, ulionyooka kama mstari wa kalamu. Walipokwisha kupita nilitazama chini. Kando ya mfuo ule, kwenye udongo mbichi wa maharage, kulikuwa na alama za kwato, moja moja, mwanzo hadi mwisho, zinaelekea mtoni.

Nilimwonyesha Mama Masjala. Akaangalia, akasema, "Hao si nzi," akapanda gari.

Kesho yake asubuhi, baridi imeturudisha kwenye masweta, alilitandika jalada mezani. Alikuwa amenakili kurasa zote kutoka kwenye daftari kwa mkono, na mistari yake na nukta zake, na ukurasa wa karanga ameuweka mahali pake, unanukia. Nyuma kabisa akaweka karatasi yangu nyeupe. Akanisogezea sindano na visanduku viwili vya uzi.

"Nitungie. Macho yangu hayaoni tundu."

Nilishika sindano, nikaangalia visanduku. "Uzi upi, mama? Watu si walikaa jana wakakubaliana?"

"Waliyokubaliana nimeshayashona. Hii ni yako."

Nikatunga uzi mweusi.